Figo na njia ya mkojo: zinavyofanya kazi, zinavyopimwa na zinavyotunzwa katika joto la Tabora

Wengi huanza kuulizia habari za figo kwa sababu kiuno kinauma, na mara nyingi kiuno hicho hakihusiani na figo hata kidogo. Figo zinazokufa taratibu haziumi. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo zake huku akiendelea kulima, kuendesha bodaboda na kumaliza sahani yake ya ugali. Siku miguu inapovimba na kutapika kunapoanza, kilichobaki ni kidogo sana. Mwongozo huu ni wa kukuwezesha kuzisoma figo zako mapema, kwa vitu vilivyo karibu nawe: macho yako, chupa ya maji, mashine ya presha na kikopo cha maabara.

Ziko wapi

Shika kiuno, kisha pandisha mikono mgongoni mpaka vidole gumba viguse mbavu za mwisho. Figo ziko hapo ndani, moja kila upande wa uti wa mgongo, juu kidogo ya pale ambapo wengi hudhani. Ya kulia iko chini kidogo kuliko ya kushoto kwa sababu ini limeibana. Kila moja ina urefu wa sentimita 10 hadi 12, karibu sawa na ngumi, na uzito wa gramu 150 hivi.

Maumivu ya misuli huwa chini zaidi, huongezeka ukiinama au ukinyanyua gunia, na hupungua ukilala vizuri. Figo yenye maambukizi huuma pembeni, pale mbavu ya mwisho inapokutana na uti wa mgongo, na homa na baridi ya kutetemeka huja pamoja nayo. Jiwe nalo lina tabia yake: maumivu huja kwa mawimbi, hushuka kuelekea kinena au korodani, na mgonjwa hugaagaa kitandani bila kupata mkao wa nafuu.

Safari ya damu mpaka mkojo

Kwanza damu inaingia. Kila dakika figo zote mbili hupokea zaidi ya lita 1 ya damu, karibu sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Kwa viungo ambavyo kwa pamoja vina uzito wa gramu 300 hivi, hiyo ni damu nyingi ajabu. Ndiyo maana kitu chochote kinachopunguza damu mwilini (kuhara, kutokwa damu nyingi, kiu ya muda mrefu) huziumiza figo mapema.

Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo takriban 1,000,000 viitwavyo nefroni. Kila nefroni inaanza na kifundo cha mishipa myembamba sana ya damu. Presha ya damu husukuma maji, chumvi, sukari na taka kupita kwenye kuta za mishipa hiyo, huku chembe za damu na protini kubwa zikibaki. Kwa siku nzima yanachujwa maji lita 180, yaani madumu tisa ya lita 20, yale ya kuchotea maji. Lakini mkojo unaotoka ni lita 1 hadi 2 tu.

Madumu mengine yameenda wapi? Yamerudishwa kwenye damu, na hapa ndipo kazi kubwa ya figo ilipo. Anayechambua mchele kwenye ungo huokota mawe na kuyatupa, mchele akauacha. Figo hufanya kinyume: humwaga vyote, kisha huokota kimoja kimoja kinachotakiwa na kukirudisha, na kisichookotwa kinatoka. Faida yake ni kwamba mwili hauhitaji kuifahamu kila sumu ili kuitoa, inatosha kutoirudisha. Hasara ni kwamba maji yanaporudishwa, sumu na dawa hubaki zimekolea ndani ya mirija hiyo myembamba, na mirija huungua. Ukilielewa jambo hili, utaelewa kwa nini tunasisitiza sana habari za dawa huko mbele.

Sukari yote huokotwa ikiwa iko katika kiwango cha kawaida. Ikizidi takriban milimoli 10 kwa lita ya damu, waokotaji wanazidiwa, sukari inamwagika kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa hukojoa sana, huwa na kiu isiyokatika, na sisimizi wakajaa pale alipokojoa. Wazee waliiona dalili hiyo kabla ya mashine zozote.

Mwisho ni kuamua maji yabanwe kiasi gani. Ukiwa na kiu, ubongo hutoa homoni inayoiamuru figo ibakize maji, na mkojo unakuwa mchache na wa rangi iliyokolea. Ukinywa maji mengi, homoni hupungua na mkojo unakuwa mweupe. Pombe huizuia homoni hiyo. Mnywaji hukojoa maji ambayo mwili wake ulikuwa unayahitaji, na asubuhi huamka na kichwa kizito na mdomo mkavu.

Kutoka hapo mkojo unashuka kwenye mrija wenye urefu wa sentimita 25 hadi 30 unaousukuma kwa mikazo midogo, hivyo hata ukilala unashuka. Kibofu hubeba mililita 400 hadi 500, na hamu ya kwanza huja kikiwa na 150 hadi 200. Njia ya kutolea mkojo kwa mwanamke ina sentimita 4 tu, kwa mwanaume karibu 20. Tofauti hiyo ndiyo sababu kubwa ya wanawake kupata maambukizi mara nyingi zaidi, wala si uchafu kama wanavyosingiziwa.

Figo zina kazi nyingine pia. Zinapandisha na kushusha presha, zinatoa homoni inayouamuru uroto wa mifupa utengeneze damu, na zinakamilisha vitamini D. Kwa hiyo mtu mwenye presha isiyoshuka, au upungufu wa damu usiopona kwa vidonge vya madini ya chuma, apimwe figo.

Kusoma mkojo nyumbani

Rangi ya majani makavu au limau iliyopauka ni nzuri. Rangi ya chai ya rangi iliyokolea maana yake maji hayatoshi. Ukinywa maji ya kutosha na rangi ikabaki hivyo hivyo, nenda kituo cha afya, kwa sababu ini nalo linaweza kuwa na tatizo. Mkojo mwekundu au wa rangi ya kola ni damu mpaka vipimo viseme vinginevyo. Dawa za kifua kikuu zenye rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, na vitamini B huufanya njano kali, hizo zisikutishe.

Povu hutazamwa hivi: kojoa, subiri dakika chache. Povu la kawaida hupasuka. Povu zito kama la sabuni linalobaki, siku baada ya siku, huashiria protini, yaani kichujio kimetoboka.

Kiasi hupimwa kwa saa 24, na ni kipimo kinachodharauliwa bure. Tafuta dumu safi la lita 3 au 5. Ukiamka, kojoa chooni na uandike saa, mkojo huo usiuweke. Kuanzia hapo kila tone liingie kwenye dumu, mchana na usiku, pamoja na mkojo wa kwanza wa kesho yake saa ileile. Wengi hukosea kwa kuweka asubuhi zote mbili, matokeo yakawa makubwa kuliko ukweli. Mtu mzima akipata chini ya mililita 400, hilo ni jambo la kwenda hospitali siku hiyohiyo. Zaidi ya lita 3 bila kuwa amekunywa maji mengi, apimwe sukari.

Maji katika miezi ya joto

Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijafika, jua la Tabora hukausha mtu bila yeye kujua, kwa sababu hewa ni kavu na jasho hupotea kabla hujaliona. Anayefanya kazi kivulini anywe lita 2 hadi 3 kwa siku. Mfyatua tofali, mchoma mkaa au anayelima juani anywe kikombe kimoja cha mililita 250 kila dakika 20 akiwa kazini, bila kungoja kiu. Asizidishe lita 1.5 kwa saa, maji mengi kwa mkupuo huzimua chumvi ya damu na kuleta kichefuchefu na hata degedege. Ukiwa karibu na mzani, jipime kabla ya kazi na baada ya kazi: kila kilo iliyopungua ni lita moja ya maji iliyotoka. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo zilizokwisha dhoofika afuate kiasi alichoambiwa na daktari wake.

Kwa anayeharisha, maji matupu hayatoshi. Tumia paketi ya ORS, na usome kwanza imeandikwa ni ya lita 1 au nusu lita, kosa hapo huharibu kila kitu. Paketi ikikosekana: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kisu bila mlima. Onja, isiwe na chumvi kuliko machozi. Mtoto aliyepita saa 6 bila kukojoa huku anaharisha, macho yameingia ndani, asingojee kesho.

Chumvi na magadi

Kipimo cha mtu mzima kwa siku ni chini ya gramu 5, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na ile iliyomo kwenye vyakula vilivyotengenezwa. Hesabu ya nyumbani ni rahisi. Familia ya watu sita ikitumia kipimo hicho, pakiti ya gramu 500 itakaa siku 16. Ikiisha ndani ya wiki moja, kila mtu anakula karibu gramu 12.

Magadi husahaulika. Mlenda unaotiwa magadi ulainike, na maharage yaive haraka, huongeza madini yaleyale ya sodiamu hata kama hukutia chumvi. Mwenye presha aloweke maharage usiku kucha na kumwaga maji ya kwanza, yataiva bila magadi. Dagaa na samaki waliokaushwa kwa chumvi walowekwe na kuoshwa mara mbili kabla ya kupikwa.

Presha, kisukari na dawa za maumivu

Presha ya juu huvikomaza vile vifundo vya mishipa mpaka vikawa makovu. Kisukari hufanya vivyo hivyo. Hivi viwili ndivyo vinavyoongoza duniani kwa kuua figo. Pima presha namna hii: kojoa kwanza, maana kibofu kilichojaa huipandisha, kaa dakika 5 umeegemea na miguu chini, mkono uwe wazi na usawa wa moyo, usiongee. Usiwe umekunywa kahawa wala kuvuta sigara ndani ya nusu saa. Pima mara mbili kwa kupisha dakika moja. Ikiwa 140/90 au zaidi katika siku tofauti, anza matibabu, na usiache vidonge kwa sababu unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu unavimeza.

Sasa diklofenaki na ibuprofeni. Mwili ukipungukiwa maji, figo huupanua mshipa unaoingiza damu kwenye kichujio ili presha ya kuchuja isishuke. Dawa hizi huzuia upanuzi huo. Mtu mzima mwenye afya akimeza siku mbili au tatu huku anakunywa maji, kwa kawaida hapati shida. Lakini mkulima aliyekauka kwa jua, mwenye homa na kutapika, au mzee anayemeza dawa za presha pamoja na za kukojoza, akiongeza diklofenaki anaweza kufunga figo ndani ya siku chache. Tunawasihi wauzaji wa maduka ya dawa muhimu waulize kwanza: una presha? unaharisha? una mimba? Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli ni salama zaidi kwa figo, gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku.

Mitishamba tuseme wazi. Ipo inayosaidia, lakini inayopikwa na kukolezwa bila kipimo hupita kwenye mirija ile ile iliyokolea sumu. Ukiwa umeitumia, mwambie daktari jina lake bila aibu. Malaria kali nayo hupasua chembe za damu, mkojo ukawa mweusi na figo zikaziba. Katika mkoa wenye malaria nyingi kama Tabora, mkojo mweusi pamoja na homa ni safari ya hospitali usiku huohuo.

Kichocho

Kigoma, kandokando ya Ziwa Tanganyika, kinachosumbua zaidi ni kichocho cha tumbo. Tabora tuna kile cha mkojo, kinachoishi na konokono wa kwenye malambo, mifereji na majaruba ya mpunga. Mgonjwa hukojoa majini, mayai yanaanguliwa, vimelea vinaingia kwa konokono na kukua. Baada ya wiki kadhaa konokono huachia vijidudu vyenye mkia, kwa wingi zaidi jua linapokuwa kali kuelekea saa sita mchana, navyo hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Minyoo hukaa kwenye mishipa ya kibofu miaka, mayai yake yanachoma ukuta wa kibofu yakitafuta njia ya kutokea.

Dalili yake ni damu mwishoni mwa mkojo, matone ya mwisho mekundu. Kwa mvulana wa shule isichukuliwe kuwa ni ukubwa, na kwa msichana isidhaniwe kuwa ni hedhi. Kikiachwa, kibofu hukakamaa, mkojo ukarudi juu na kuzijaza figo, na baadaye saratani ya kibofu inaweza kufuata.

Sampuli yake ina sheria zake. Itolewe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, mayai yanapotoka kwa wingi, baada ya kutembea haraka au kurukaruka dakika chache, na matone ya mwisho lazima yaingie kwenye kikopo. Mtaalamu huvuta mililita 10 kwa bomba la sindano, huzipitisha kwenye kichujio chembamba, kisha hukilaza kichujio chini ya hadubini. Yai linaonekana kama punje ya mviringo mrefu yenye mwiba mfupi kwenye ncha yake. Tiba ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kilo moja ya mwili: mtu wa kilo 60 humeza vidonge vinne vya miligramu 600, baada ya kula. Dawa haiui minyoo michanga, kwa hiyo pima tena baada ya wiki 6 hivi.

Anayepanda mpunga hawezi kukwepa maji. Avae buti za mpira, asikojoe jarubani, na maji ya kuogea kutoka lambo yakae kwenye chombo kilichofunikwa saa 48 bila konokono ndani, vijidudu vitakuwa vimekufa.

Yutiai, na kikopo kinachojazwa vibaya

Si kila kuwashwa au homa ni yutiai (UTI, maambukizi ya njia ya mkojo), ingawa kila mtu sasa anaambiwa anayo na kupewa vidonge. Dalili zake ni mkojo unaochoma, kukojoa kila mara matone machache na maumivu chini ya kitovu. Majibu mengi ya uongo yanaanzia kwenye kikopo. Nawa mikono. Mwanamke ajisafishe kwa maji kutoka mbele kwenda nyuma, kisha atenganishe mashavu ya uke kwa vidole, mwanaume avute govi nyuma kama halijatahiriwa. Mkojo wa mwanzo umwagike chooni, kikopo kipokee wa katikati, mililita 20 hadi 30, wa mwisho umwagike. Ni kinyume cha kichocho, basi uliza unapimwa nini. Kifikishwe maabara ndani ya saa moja, kwa joto la Tabora bakteria huongezeka njiani.

Mjamzito anayeambiwa alete mkojo kliniki hapimwi yutiai peke yake. Inatafutwa protini, ambayo pamoja na presha ya 140/90 baada ya wiki 20 ni dalili ya kifafa cha mimba. Asikose kipimo hicho hata mara moja.

Wanaume waliopita miaka 50 wenye mkojo unaosita, unaodondoka, na kuamka mara tatu nne usiku, wapimwe tezi dume. Aliyeshindwa kabisa kukojoa huku tumbo limejaa anahitaji mpira wa mkojo haraka, asiongezewe dawa ya kukojoza.

Kipimo cha damu

Omba kipimo cha kreatinini, taka ya misuli inayotolewa na figo, na umwambie mtaalamu akuhesabie kasi ya kuchuja kwa umri na jinsia yako. Namba peke yake hudanganya: bibi mwembamba mwenye kreatinini inayoitwa ya kawaida anaweza kuwa na figo zilizochoka, kwa sababu misuli inayoitengeneza ni michache. Kasi chini ya mililita 60 kwa dakika kwa zaidi ya miezi 3 ni ugonjwa sugu wa figo. Chini ya 15 huanza mazungumzo ya kusafisha damu kwa mashine, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara, au kupandikiza. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata 2018. Mwenye presha, kisukari, kichocho cha zamani au ndugu mwenye ugonjwa wa figo apime kreatinini na protini ya mkojo kila mwaka.

Unapokwenda hospitali, iwe kituo cha kata au Kitete, hospitali ya mkoa wa Tabora, beba dawa zote unazotumia pamoja na maganda ya zilizokwisha, daftari la namba za presha, na kiasi cha mkojo wa saa 24 kama ulipima. Kama uliona damu asubuhi, weka mkojo huo kwenye kikopo safi chenye mfuniko na uandike saa juu yake, kwa sababu utakapofika kwenye foleni unaweza kukojoa mkojo mweupe kabisa.